Aliyecheka na Asiyecheka

Wajukuu zangu, nimewasikia mkiitana wajinga kwa sababu ya filamu, na hilo silipendi. Filamu yenyewe ni Little Miss Sunshine, ya Marekani, iliyotoka mwaka 2006. Hadi leo wapo wanaoipenda kwa dhati na wapo wanaoona imesifiwa kupita kiasi. Mimi ni miongoni mwa wanaoipenda, na ndiyo sababu nataka kuwatetea wasioipenda.

Kisa mnakijua. Familia ya Hoover inasafiri kutoka Albuquerque hadi Redondo Beach, California, ndani ya Volkswagen kuukuu ya manjano, ili binti yao Olive, mwenye miaka 7, awahi mashindano ya urembo ya watoto. Klachi imekufa, kwa hiyo wote hulisukuma gari mpaka lichanganye, kisha hulirukia mmoja mmoja. Baba, Richard, anahubiri hatua 9 za kuwa mshindi, na hapati wa kumchapishia mahubiri yake. Kaka, Dwayne, ameweka nadhiri ya kutosema hata neno moja mpaka afikie ndoto yake ya kuwa rubani. Mjomba Frank ametoka hospitali baada ya kujaribu kujiua. Babu naye amefukuzwa katika nyumba ya wazee kwa ajili ya heroini.

Wasioipenda huanzia hapo hapo. Hawa si watu, wanasema, ni vituko vilivyopangwa kwenye viti vya gari. Msiwapuuze, wana hoja. Mswada wa Michael Arndt umewagawia wahusika vituko kwa usawa mno, hakuna aliyekosa fungu lake, na mtazamaji makini huuona mkono wa mwandishi. Najua mtanijibu kwamba mswada huo ulipata Oscar, na Alan Arkin, aliyeigiza babu, akapata nyingine. Kwamba filamu iliyogharimu dola milioni 8 hivi iliingiza takriban milioni 100. Yote ni kweli. Lakini tuzo na mapato havimlazimishi mtu kucheka.

Wengine walikwazwa kwa sababu nyingine. Ukiliona bango lake, familia nzima ikilikimbilia gari la manjano, unadhani ni filamu ya kukaa nayo sebuleni pamoja na watoto. Huko Marekani iliwekwa daraja R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi, kwa ajili ya matusi, mambo ya ngono na dawa za kulevya. Mzazi aliyekaa na mtoto mdogo, babu akaanza kutukana, ana haki ya kukasirika. Ninyi mtakaokuwa wazazi kesho, someni daraja kabla hamjabonyeza kitufe.

Na yupo asiyeweza kucheka Frank anapotokea, kwa kuwa kwao aliwahi kuwapo mtu kama Frank. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyo akisema haichekeshi, usimwambie hajui sanaa. Nyamaza umsikilize.

Mimi nilishindwa kucheka kwenye maiti. Babu anafariki usiku motelini, na hospitalini wanaambiwa kwamba kuvusha maiti mpaka wa jimbo kunahitaji kibali. Saa zinakwenda, mashindano hayangoji. Richard anaamua wampitishe babu dirishani, amefungwa shuka, wamweke nyuma ya gari. Nimelelewa nikijua kwamba maiti huoshwa, husitiriwa na kusindikizwa, kwa hiyo moyo ulikataa. Sikuzima. Namshukuru Mungu sikuzima, maana baada ya hapo linakuja tukio ambalo kwangu ndilo filamu yenyewe.

Garini, kwa karatasi ya kupimia macho waliyoichukua hospitalini, Dwayne anagundua kwamba hawezi kutofautisha rangi. Urubani umekwisha. Gari linasimama, anatoka mbio, anapiga ukelele baada ya miezi 9 ya ukimya, anawatukana wote, anakwenda kukaa peke yake chini ya mteremko. Mama anajaribu kumbembeleza, anashindwa. Ndipo Olive anashuka taratibu, anachuchumaa pembeni yake, anamwegemezea kichwa begani. Hasemi lolote. Dwayne anainuka, anamsaidia mdogo wake kupanda mteremko, anawaomba wote radhi. Abigail Breslin, aliyeigiza Olive, alikuwa na miaka 9 walipopiga filamu hiyo, na waongozaji, mke na mume, Valerie Faris na Jonathan Dayton, walikuwa na busara ya kumwacha bila neno. Hapo hakuna kituko hata kimoja. Ni watoto wa nyumba moja.

Dansi ya mwisho imezua ugomvi zaidi. Olive anacheza mitindo ya vilabu vya usiku aliyofundishwa na babu, na waandaaji wanahamaki. Lakini watazameni wasichana wengine waliomtangulia jukwaani, nyuso zimepakwa vipodozi vya wanawake wazima, na mmoja baada ya mwingine anapigiwa makofi. Waigizaji hao walikuwa washiriki wa mashindano ya kweli kama hayo. Filamu inauliza kwa nini hao hawakumkera mtu, na swali ni zito. Hata hivyo limeulizwa kwa kutumia mwili wa mtoto, na anayeikataa filamu kwa sababu hiyo namheshimu.

Basi mkibishana, acheni kuniambia ni kali au ni mbovu. Nitajieni tukio, mseme liliwafanya nini. Kwangu ni filamu njema yenye kasoro nilizozitaja. Asiyekubaliana nami aitazame mpaka mwisho, kisha aje na tukio lake, nami nitamsikiliza.