Uongo Unaompa Mgonjwa Matumaini

Ndugu zangu wanafunzi, wanaosoma udaktari watanisamehe kwa kuingia shambani mwao. Mimi ni wa masomo ya Kiislamu, na kilichonivuta humu ni suala la amana.

Mtu akipatwa na mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha moyo huziba na sehemu ya msuli hufa. Ngozi ikikatika huota tena. Msuli wa moyo hubaki kovu. Utafiti uliotoka Sweden mwaka 2009 ulionyesha kuwa kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli za msuli huo kwa mwaka, na uzeeni hupungua hadi chini ya nusu ya hapo. Ndiyo maana dunia ilishtuka mwaka 2001, Piero Anversa na wenzake walipotangaza kuwa seli za uboho zimeotesha upya moyo wa panya. Baadaye wakasema moyo wenyewe una seli shina zake. Huko Louisville, Marekani, wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo walichukuliwa kipande kidogo cha moyo, seli zikakuzwa maabara, kisha wakarudishiwa.

Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti yalirudia jaribio la panya, yasione msuli mpya wowote. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali ya Brigham and Women's, alikokuwa akifanyia kazi, vilitaka makala 31 za maabara yake zifutwe kwa kuwa na data za uongo. Mwenyewe alikana kutunga. Mwaka uliofuata jarida la Lancet likafuta makala ya Louisville.

Nilipomsimulia rafiki yangu anayesoma uuguzi, alinijibu: "Sheikh, wale walikuwa mahututi. Angalau walipata matumaini."

Hoja hii si ngeni kwa aliyepita darasa la elimu ya hadithi. Nuh bin Abi Maryam alizusha hadithi za fadhila za kila sura. Inasimuliwa kuwa alipobanwa alisema ameona watu wameipa Qur'ani kisogo, akataka kuwarejesha. Nia njema hiyo! Wanazuoni hawakumpokea. Msikilizaji hakuwepo, hana cha kushika ila mlolongo wa wapokezi. Mgonjwa naye hachungulii darubini. Anatia sahihi kwa neno la daktari, daktari kasoma makala, na makala imemtegemea aliyehesabu seli. Hiyo ni isnadi kamili. Kiungo kimoja kikiwa cha uongo, sahihi ile haina maana ya ridhaa, hata kama mkono uliotia haukulazimishwa.

Na matumaini yana gharama. Hapa Uganda tunajua ukoo unavyouza ng'ombe na kiwanja ili mgonjwa apelekwe India. Wakisikia kuna tiba inayootesha moyo, watauza na kilichobaki.

Elimu yenyewe haijafa. Januari 2020 madaktari wa Osaka, Japani, walitangaza kuwa wamebandika juu ya moyo wa mgonjwa utando wa seli za msuli zilizotengenezwa maabara. Lakini mgonjwa aliyewahi kusikia ya Anversa atawaaminije hawa?

Imam Ahmad na al-Humaydi walisema aliyemzulia Mtume (s.a.w.) kwa makusudi hapokelewi tena, hata akitubu. An-Nawawi hakukubali: toba ikiwa ya kweli, apokelewe. Kumzulia Mtume ni jambo zito zaidi, najua, lakini kwa mtafiti aliyethibitika kutunga naegemea upande wa Imam Ahmad, kwa sababu palipo na haki ya mja toba haitimii bila kurudisha. Mwaka 2017 hospitali ile ilikubali kulipa dola milioni 10, na zikaenda kwa serikali ya Marekani iliyogharamia utafiti. Wagonjwa wa Louisville si serikali. Haki yao ya kwanza ni mtu kuketi nao na kuwaeleza wazi walichotiwa moyoni, na kwa ushahidi gani.