Je, Fedha Zangu Ni Zangu Peke Yangu?

Wako watu hapa Kamina wanaouliza: “Nikicheza pari kwa fedha zangu mwenyewe, nimemwibia nani?” Ni swali la haki, wala halifai kujibiwa kwa kugombeza.

Kwanza tuseme kweli. Kanisa halifundishi ya kuwa kila pari ni dhambi. Katekisimu ya mwaka 1992 yaeleza kwamba pari yenyewe si kinyume cha haki. Lakini huwa mbaya inapomnyima mtu mahitaji yake au ya wale wanaomtegemea. Udanganyifu nao waikataa kabisa.

Siku hizi mtu akikaa karibu na kituo cha treni aweza, kwa simu yake, kuweka dau juu ya Mazembe na Lupopo wa Lubumbashi. Aweza hata kuliweka juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, wanaogombania makombe ya mpira wa kikapu mwezi wa Machi, ambao hawajui hata kwa majina. Naye husema: “Nina akili ya mpira.”

Basi, tuhesabu kwa mfano. Watu 100 waweka franka 1,000 kila mmoja juu ya timu mbili zenye nguvu sawa, 50 huku na 50 huku. Kila mshindi apewa 1,900; jumla ni 95,000. Franka 5,000 zabaki kwa mwenye pari, timu yo yote ikishinda. Ndiyo maana yeye hahitaji bahati.

Tena dau huweza kuharibu mchezo wenyewe. Mwaka 1950 vijana wa City College ya New York walitwaa makombe mawili makubwa ya vyuo vya Marekani. Mwaka 1951 baadhi yao walikamatwa, kwani walikuwa wamepokea fedha za wacheza kamari ili wapunguze pointi kwa makusudi. Watazamaji walishangilia, kumbe mchezo ulikwisha kuuzwa.

Sasa tumjibu ndugu yetu. Mshahara wa baba, kabla haujafika mkononi, una wenyewe: unga wa bukari, dawa ya mgonjwa, masomo ya watoto. Faida ya mama sokoni ni vivyo hivyo. Anayeweka dau fedha hizo aweka mali ya wengine, wala hakuwauliza.

Labda atasema: “Lakini nilishinda, nikaleta nyama nyumbani!” Hebu tufikiri. Mzazi aliyemwacha mtoto wake akicheza juu ya reli, treni isipopita, je, alifanya vema? Mtoto amepona, lakini kosa limebaki kosa. Ushindi hauondoi ubaya wa kuhatarisha kisicho chako.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuweka dau, ziweke fedha hizo mezani mbele ya mwenzako wa ndoa, umweleze wazi unalotaka kufanya. Ukiona haya kusema, moyo wako umekwisha kukujibu.