Ujuzi wa Mtoto Si Upevu Wake

Katika nchi ya dhahabu, tangu Mwakitolyo na Kahama upande wa Shinyanga mpaka Nyarugusu na Rwamgasa upande wa Geita, husikika neno linaloonekana kuwa sifa, kumbe ni udhuru: "Mtoto huyu ana akili ya mtu mzima." Husemwa juu ya mvulana wa miaka 10 ajuaye kuosha mchanga mwaloni, au msichana auzaye maandazi kando ya karasha asikosee chenji. Mkubwa akiisha kusema hivyo, hujiona amepata ruhusa ya kumpa mtoto kazi ya mtu mzima. Yatupasa kulipima neno hili, maana uzima wa watoto wengi umefungamana nalo.

Mswisi Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896 akafariki mwaka 1980, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Alifundisha ya kwamba akili ya mtoto si akili ya mkubwa iliyopunguzwa tu. Ina namna yake, nayo hupanda ngazi kwa ngazi. Mtoto mdogo hutekwa na kile akionacho. Yapata miaka 7 huanza kupatanisha mambo kwa hoja, lakini katika vitu vilivyo mbele yake. Yapata miaka 11 au 12 ndipo aanzapo kupima yasiyoonekana na yale yawezayo kutokea baadaye.

Katika kitabu chake cha mwaka 1932 alieleza jinsi alivyowasimulia watoto habari mbili. Mtoto mmoja alisukuma mlango, naye hakujua kuwa nyuma yake kuna vikombe, vikavunjika 15. Mwingine alivunja kikombe kimoja alipokuwa akidokoa jamu. Ni nani mkosefu zaidi? Wadogo wengi walimtaja yule wa vikombe 15. Walihukumu kwa wingi wa vigae walivyoviona, si kwa nia iliyofichika moyoni.

Pengine mtu atasema: hao ni watoto wa Uswisi, mtoto wa Kisukuma huchunga ng'ombe angali mdogo, akamjua kila mmoja kwa rangi yake. Hoja hiyo ina haki yake, na wataalamu waliomfuata Piaget wamemsahihisha katika mengi. Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alionyesha ya kwamba mtoto hufika mbali zaidi akishikwa mkono na amzidiye ujuzi. Hapa kwetu Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, Watanzania wakiwamo, waliwapima watoto wa shule katika wilaya ya Bagamoyo, wakatangaza matokeo mwaka 2002. Watoto walipokwisha kufundishwa kwa muda mfupi namna ya kuyaendea maswali, walijibu vizuri zaidi kuliko kwanza. Basi asiwepo wa kudharau akili ya mtoto wa kijijini.

Lakini uchunguzi mwingine watuonya tusikimbilie upande wa pili. Mwaka 1985 wataalamu wa Brazil walieleza habari za watoto wachuuzi wa mji wa Recife. Sokoni walijibu sawasawa hesabu 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna ile ile bila bidhaa wala mnunuzi, walipata kama 37 tu. Akili yao ilikuwa kali, bali ilikaa mahali ilipozoezwa. Vivyo hivyo yule ajuaye chenji au mchanga amejua chenji na mchanga. Haifuati kwamba amejua kuyapima maisha yake.

Na hatari ya machimboni ni ya namna ile hasa ambayo mtoto haioni. Zebaki huchanganywa na mchanga ili ishike dhahabu, kisha huchomwa ili iondoke. Mvuke wake huingia mapafuni na kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na ubongo unaokua ndio udhurikao zaidi. Siku ile hakivunjiki kikombe. Mtoto huenda nyumbani na fedha yake, wala haumwi. Twamwuliza, "Waipenda kazi hii?" naye ajibu, "Ndiyo." Jibu hilo ni la kweli, lakini halina nguvu ya kumtakasa mkubwa aliyemtuma; maana mtoto amekubali fedha aionayo, hakukubali madhara asiyoweza kuyawaza. Tena kazi hiyo hukiharibu kile kile chombo ambacho kingemwezesha kuyawaza kesho.

Wasomaji wetu watauliza: Je, Kanisa halifundishi ya kwamba mtoto akitimiza miaka 7 amepata matumizi ya akili? Ndiyo, kanuni ya 97 yadhani hivyo. Lakini kanuni hiyo hiyo humhesabu kuwa mdogo mpaka atimize miaka 18, nayo inayofuata humweka chini ya mamlaka ya wazazi. Kujua kwamba wizi ni dhambi ni jambo moja. Kuuweka rehani mwili wako ni jingine.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, na uchimbaji umetajwa humo. Hata hivyo shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya mwaka 2013 iliyohusu Geita, Shinyanga na Mbeya, liliwakuta machimboni watoto wa miaka 8. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki. Sheria basi ipo. Dhamiri ndiyo inayotakiwa.

Twajua umaskini. Mjane asiye na chakula hatumtupii jiwe, wala hatusemi mtoto asifanye kazi: kuteka maji, kupalilia na kuchunga humlea, mradi asikose shule. Twasema na mwenye duara, mwenye karasha na mnunuzi wa dhahabu, ambao faida ni yao: msijifiche nyuma ya "ndiyo" ya mtoto. Na wazazi twawaambia: akili ambayo mtoto hajaipata bado, Mungu ameiweka kwenu mmtunzie mpaka akue. Mtoto akisema ataweza, ninyi ndio wa kuuliza itamgharimu nini.