Maji Yaliyo Ndani ya Barafu



Zaburi ya 147 yataja theluji na barafu katikati ya sifa za Mungu, nasi wa nchi za joto huyasoma maneno hayo upesi na kupita. Sisi wa mitelemko ya Kilimanjaro tunayo theluji yetu, lakini iko mbali juu ya Kibo, wala haiingii uani mwa mtu. Hata mmisionari Johannes Rebmann alipoiona tarehe 11 Mei 1848 na kupeleka habari Ulaya, wako wataalamu wa London waliokataa kusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Walikuwa hawajafika.

Basi, mwezi wa Januari tulikuwa wageni wa ndugu zetu Walutheri wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Siku moja walituvika makoti mazito, tukaenda kwa miguu, watu saba, kutazama maporomoko ya Minnehaha. Jina hilo ni la lugha ya Wadakota, wenyeji wa nchi ile tangu zamani, na maana yake ni maporomoko ya maji tu. (Wengi husema ni "maji yanayocheka", tafsiri hiyo yapendeza, ila si sahihi.) Theluji ilikwaruza chini ya viatu, pumzi zetu zikatoka kama moshi wa jikoni, na ndevu za mzee mmoja zikaota mvi mara ya pili.

Maji yale huanguka kadiri ya mita 16. Siku ile hayakuanguka. Yalining'inia mwambani kama mapazia makubwa, meupe, penginepo rangi ya buluu, wala tone halikuonekana likienda. Ngazi za kushukia bondeni zilikuwa zimefungwa, kwa kuwa barafu huweza kukatika na kuua mtu. Tukasimama juu, penye ukuta wa mawe.

Pamoja nasi alikuwako ndugu mmoja wa usharika wetu, ambaye jina lake tunaliacha. Tangu alipomzika mkewe, sasa miaka miwili, haimbi kanisani. Huja, huketi, na midomo yake imefungwa. Wengine wamekwisha kunena kwamba imani yake imekufa, na mmoja alitaka aitwe mbele ya wazee. Ndugu huyo aliitazama barafu kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Je, mto huu umekufa?" Mwenyeji wetu, ambaye zamani alifundisha Iringa na kujua Kiswahili, akajibu, "Ndugu yangu, tunyamaze kidogo." Tukanyamaza sote. Ndipo tuliposikia, ndani sana, nyuma ya barafu, maji machache yakishuka.

Tukaelezwa na jambo lingine. Maji yakipoa huzidi kuwa mazito mpaka kipimo cha digrii 4. Yakipoa kupita hapo huwa mepesi tena, na barafu huelea. Kwa hiyo ziwa huganda juu, na samaki huishi chini majira yote ya baridi. Tuliyoidhani kaburi, kumbe ni blanketi.

Mtunga zaburi hasemi kwamba barafu yatoka kwa adui. Asema Mungu mwenyewe huitupa, kisha kwa wakati wake hulituma neno lake, huuvumisha upepo wake, maji yakaenda. Hatajwi pale mtu mwenye shoka. Nayo Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, yatufundisha ya kuwa imani ni kazi ya Roho Mtakatifu, naye ndiye aihifadhiye. Ninyi wazee wa sharika, mwamwita mtu barazani aitetee kazi ya nani? Rafiki za Ayubu waliketi naye siku saba kimya, na hilo ndilo jema walilomtendea. Walipofumbua vinywa vyao waliharibu.

Ndugu yetu bado haimbi. Huketi benchi la nyuma, karibu na mlango, na mama mmoja wa usharika humfungulia kitabu penye wimbo wa siku ile, humwekea magotini, wala hamwambii neno.