Miaka Saba Bila Mshahara

Mwanagenzi wa useremala London, miaka ya 1700, alifungwa na mkataba tangu akiwa na miaka 14 hivi. Miaka saba. Hakuna mshahara, hakuna kuoa, hakuna kamari wala kushinda kilabuni, na siri za bwana wake azitunze. Bwana naye alimpa chakula, malazi na ufundi. Mara nyingi mzazi ndiye aliyelipa ili mtoto apokelewe. Kuanzia 1710 serikali ikaitoza ada hiyo kodi.

Mwanzoni, sawa. Kijana anabeba mbao, anafagia vumbi, anaharibu vitu vya watu. Hasara tupu. Lakini mwaka wa tano? Mkono umeshaizoea randa, mbao za paa anakata mwenyewe, na pesa inaingia mfukoni mwa bwana. Hapo nakwama. Anaibiwa, ama analipa deni la zile mbao alizoharibu?

Nilitaka kusema anaibiwa. Niliwahi kufanya kazi miezi minane bure, eti napata "uzoefu", kwa hivyo hasira ninayo. Ila karatasi ya yule kijana ilitaja muda wake. Mimi kila mwisho wa mwezi niliambiwa, "Vumilia kidogo."