Neno la Mwisho ni la Nani? Suala la Maadili katika Rekodi za Jukwaani, Migori na Homa Bay

1.0 Utangulizi

Maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii imefaa kwa muda mrefu kuelezea neno litamkwalo mbele ya hadhira: likishatoka, limetoka, na hubaki katika kumbukumbu za waliokuwapo tu. Kinasa sauti kimeipunguzia methali hiyo nguvu. Kilichomwagika usiku huzolewa asubuhi, kikauzwa, kikasikilizwa na watu ambao hawakuwapo na wasiomjua msemaji.

Makala haya yanajadili swali la kimaadili litokanalo na hali hiyo: anayerekodi utendaji ana wajibu gani kwa watu walioutenda? Mifano imechukuliwa hasa kutoka Migori na Homa Bay, eneo la nyatiti, ohangla na benga za Wajaluo, na pia la iritungu ya Wakuria. Inadaiwa hapa kwamba swali la ukweli wa rekodi, ambalo limewashughulisha wahakiki wengi, ni sehemu tu ya swali kubwa zaidi, yaani swali la nani ameachiwa neno la mwisho.

2.0 Ahadi ya Rekodi ya Jukwaani

Katika muziki wa roki wa Uingereza na Marekani, rekodi ya jukwaani ilikuwa utanzu kamili kufikia miaka ya 1970. Bendi ya The Who ilitoa Live at Leeds mwaka 1970, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Leeds. Mwaka 1975 bendi ya Kiss ilitoa Alive!, na baadaye ikakiriwa kwamba sehemu kadhaa zilifanyiwa marekebisho studioni. Judas Priest nao walipotoa Unleashed in the East mwaka 1979, walitaniwa kwamba rekodi hiyo ilikuwa zao la studio kuliko la jukwaa.

Lawama hizo zinahitaji kuchunguzwa. Hakuna anayemlaumu mwanamuziki kwa kuirudia sauti yake mara kumi studioni. Santuri ya studio haikuahidi kinyume chake. Kosa, kama lipo, halimo katika kurekebisha bali katika kuvunja ahadi. Anayeandika juu ya jalada kwamba sauti hizi zilitolewa papo kwa papo anamwambia msikilizaji: hivi ndivyo ilivyokuwa.

Hata hivyo, katika mjadala huo hadhira huchukuliwa kuwa mandhari tu. Hushangilia, huitikia kiitikio, lakini haisimamishi wimbo. Mtazamo huo unatosha kwa tamasha la roki. Kwa utendaji wa Nyanza Kusini hautoshi.

3.0 Pakruok na Umiliki wa Tukio

Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, Mulokozi alieleza kwamba fasihi simulizi ni tukio lifungamanalo na fanani, hadhira, fani, muktadha wa tukio, mahali na wakati. Utendaji wa Wajaluo unaithibitisha kauli hiyo kwa namna ya pekee kupitia pakruok. Mhudhuriaji hutoa fedha, muziki ukasimama au ukapunguzwa, naye akapewa nafasi ya kujisifu, kumsifu rafiki au mpenzi, kuutaja ukoo wake na kujipa majina ya kivugo. Akimaliza, muziki huendelea, hadi mwingine atakapotoa chake ili amjibu au ampiku.

Kwa juu juu pakruok inafanana na kutunza katika taarabu, ambako mtu huinuka na noti mkononi pale mstari unapomgusa au unapomchoma hasimu wake. Lakini mtunzaji wa taarabu huazima maneno ya mwimbaji. Mwenye pakruok huleta yake. Kwa muda huo mfupi yeye ndiye fanani, na mpiga nyatiti ndiye hadhira. Basi anayesema kwamba rekodi ya usiku huo ni kazi ya msanii fulani amekwisha kuamua jambo ambalo tukio lenyewe halikuliamua.

La muhimu zaidi, pakruok ni mazungumzo. Majigambo yake hayakusudiwi kupimwa kama ushahidi wa mahakamani. Waliohudhuria wanamjua anayejiita tajiri, wanajua deni lake dukani, na kicheko chao ni sehemu ya maana. Sifa iliyotiwa chumvi husawazishwa na jibu la jirani. Ukiliondoa jibu, hubaki majivuno matupu, na mtu aliyekuwa mcheshi huonekana mpumbavu.

4.0 Kipaza Sauti Kama Mhakiki

Hapa ufundi wa kurekodi unaingia katika maadili. Rekodi ichukuliwayo kutoka kwenye mtambo wa kuchanganyia sauti hubeba hasa kile kilichopita katika vipaza sauti. Mwenye pakruok hupewa kipaza sauti. Anayemcheka kutoka nyuma hana. Ikiwa fundi hakutega chombo kingine kuielekea hadhira, majigambo yatasikika waziwazi na majibu yatapotea, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Hali kadhalika kwa ala: mpiga nyatiti hutekenya nyuzi nane huku pete ya chuma kidoleni mwa mguu wake ikigonga ala na njuga zikilia. Mahali pa kuweka kipaza sauti ni uamuzi kuhusu kipi ni muziki na kipi ni kelele. Fundi ni mhakiki, ingawa hajiiti hivyo.

Kwa hiyo rekodi isiyokatwa wala kurekebishwa hata kidogo yaweza kuwa ya uongo kuliko iliyorekebishwa, kwa kuwa imempa mmoja neno la mwisho ambalo usiku ule hakuwa nalo. Katika Phaedrus, Plato anamfanya Socrates alalamike kwamba maandishi yakiulizwa hayajibu. Rekodi ya pakruok ina kasoro ya aina hiyo, na nyingine juu yake: si kwamba haijibu tu, bali pia haiwezi kujibiwa.

Madhara yake si ya kinadharia tu. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Migori, na aliyefariki mwaka 2006, alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya tungo zake, ingawa alizoea kuzivika mafumbo ya wanyama. Ikiwa utungo uliofumbwa kwa makusudi uliweza kumtia mwenyewe matatani, neno lililotamkwa kwa mzaha matangani, mbele ya watu waliolielewa, laweza kufanya zaidi likihamishwa kwa watu wasiolielewa.

5.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba mwenye pakruok amelipa ili asikike. Kumsikizisha kwa wengi zaidi ni kumtimizia haja yake. Hoja hii ina uzito, kwani wapo wanaofurahi majina yao yakivuka mipaka, na watunzi wa benga wamezoea kuwataja wafadhili wao hata katika nyimbo za studio. Lakini alicholipia mtu ni masikio ya usiku ule, pamoja na hatari ya kujibiwa. Ridhaa ya kusikika na wanaomjua si ridhaa ya kusikika na kila mtu daima. Tena, mara nyingi hutajwa mtu wa tatu, pengine marehemu, ambaye hakulipa wala kuulizwa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: bila rekodi, mengi yatapotea. Kisuba, lugha ya visiwa vya Rusinga na Mfangano, kimemezwa kwa sehemu kubwa na Kijaluo. Kumwambia mtafiti asubiri ridhaa ya kila sauti ni sawa na kuacha nyumba iungue kwa sababu mwenyewe hajabisha hodi. Hoja hii inakubalika, ila inathibitisha haki ya kuhifadhi tu, si haki ya kusambaza. Kuzoa maji si kuyauza. Hugh Tracey alirekodi muziki nchini Kenya mwaka 1950, na rekodi zake zikahifadhiwa Afrika Kusini. Nakala ziliporudishwa kwa jamii za Kenya katika miaka ya 2010, baadhi ya waimbaji walikuwa bado hai. Kurudisha huko, ingawa kulichelewa miongo sita, kulionyesha kwamba rekodi yaweza kufunguliwa tena ipate jibu.

6.0 Hitimisho

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda haki za watendaji, na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inalinda haki za jamii. Aliyesimama kwa dakika mbili, akajisifu, kisha akarudi kuketi, haenei vizuri katika mojawapo: ni zaidi ya hadhira, lakini jina lake haliandikwi miongoni mwa watendaji. Pale sheria inapomsahau, maadili hayana ruhusa ya kumsahau.

Kutokana na mjadala huu, rekodi ya haki si ile iliyohifadhi kila sauti, kwani hakuna iwezayo. Ni ile iliyotaja usiku, mahali na waliosema. Iliyotega sikio kwa hadhira kama ilivyotega kwa jukwaa. Na iliyorudishwa kwa wenyewe kabla ya kuuzwa kwa wageni, ili mwenye jambo la kujibu ajibu. Usiku ule, neno la mwisho halikuwa la yeyote: muziki ulirudi, na mtu mwingine akatoa sarafu yake. Rekodi inayomnyima huyo mwingine zamu yake imenasa sauti, lakini utendaji imeuacha palepale uwanjani.