Nyuma ya Ngao

Miongoni mwa mambo ambayo mtu mzima huyaonea haya mbele za watu ni kucheza. Mzee akikaa barazani na bao lake tangu alasiri hata magharibi, hapana amlaumuye, kwa kuwa ada imekwisha kumpa ruhusa; walakini lau mzee huyo huyo angeonekana ameinama juu ya meza, miwani puani na brashi nyembamba mkononi, akilitia rangi zimwi la plastiki lisilozidi urefu wa kidole gumba, wengi wangeulizana kama akili yake ingali salama. Mimi nimekaa na watu wa kazi hiyo muda wa kutosha, nami mwenyewe nimeishika brashi, na leo nataka kuwasemea, kwa sababu naamini kwamba ndani ya kazi yao mna adabu ambayo katika zama zetu, zama za kupima kila jasho kwa fedha, imeanza kuadimika.

Naandika haya Nottingham, mji wa Uingereza ambao wapenzi wa visanamu huuzuru kutoka nchi nyingi, kwa kuwa ndipo yalipo makao makuu ya Games Workshop, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1975, na ambayo mwaka 1983 ilitoa mchezo wa Warhammer, wenye majeshi ya mazimwi, mifupa itembeayo, vibeti wenye ndevu na mashujaa wasiopata kuishi ila katika hadithi. Asili ya mambo haya ni ya kale zaidi. Mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa wakisubu askari bapa wa bati katika karne ya 18. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikatoa askari wa risasi walio tupu ndani. Na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za vita vya mezani, akishikilia kwamba vita vya namna hiyo ni bora mno kuliko vita vya kweli, na haukutimia mwaka wa pili Ulaya ikaingia katika vita vya kweli vilivyoangamiza mamilioni. Majoka na wachawi walikuja kushika nafasi yao mezani baadaye, hasa baada ya Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani kutoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974.

Aliyenifungulia mlango wa ilimu hii ni mpwa wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja. Kazi yenyewe huanza kwa vipande, maana kisanamu hutoka kiwandani kikiwa viungo mbalimbali vilivyoshikana na fremu ya plastiki, mkono huku, kichwa kule, upanga kando. Mwenye kazi huvikata kwa koleo ndogo, huparuza kwa kisu ule mstari mwembamba ulioachwa na kalibu, kisha huviunga kwa gundi ambayo haibandiki tu, bali huiyeyusha plastiki kidogo hata vipande viwili vikawa kimoja. Hufuatia rangi ya msingi, kwa kuwa rangi za maji hazishiki vema juu ya plastiki tupu. Ndipo zije rangi zenyewe, zilizozimuliwa kwa maji, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, kila moja ikingojea iliyotangulia ikauke.

Lililonistaajabisha kuliko yote ni habari ya nuru. Mtu mzima asimamapo juani, mikunjo ya kanzu yake hufanya vivuli ambavyo jicho huviona kwa mbali, na kwa vivuli hivyo likajua umbo la nguo. Lakini mtu wa milimita 28, ijapokuwa jua limwangukialo ni lile lile, mikunjo yake ni midogo mno kiasi cha kutotoa kivuli cha kutosha, na akipakwa rangi moja peke yake huonekana donge tu, hana uso wala kiuno. Basi mpakaji hana budi kuumba nuru na giza kwa mkono wake. Humimina juu ya kisanamu rangi iliyozidi maji, ikatiririka yenyewe hata ikatuama penye mabonde, na hicho ndicho kivuli. Kisha hutwaa brashi iliyokwisha kufutwa ikakaribia kukauka, akaipitisha juu juu, rangi ikashika penye matuta pasipogusa mashimo, na hiyo ndiyo nuru. Zaidi ya hayo humpasa kuamua jua lake liko wapi, kulia au kushoto, mbele au nyuma, na akiisha kuamua asilisahau, maana kofia ikiangazwa kutoka kulia na pua kutoka kushoto, jicho la mtazamaji, hata kama hajui sababu, hukataa.

Brashi wanazozienzi mabingwa hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa kolinski, mnyama mdogo wa Siberia wa jamii ya kicheche, na zilizo mashuhuri kuliko zote, Series 7 za Winsor & Newton, zilianza mwaka 1866 kwa agizo la Malkia Victoria, aliyependa kuchora kwa rangi za maji. Hunipendeza kufikiri kwamba chombo kilichobuniwa kwa ajili ya malkia leo kimo mkononi mwa fundi wa magari, akitoka kazini jioni, akitia mvi katika ndevu za kibeti.

Siku moja nilimkuta mpwa wangu akimaliza mkanda wa askari mmoja mwenye ngao. Ngao ilikuwa pembeni, haijabandikwa, nayo ikibandikwa ingefunika kifua chote na kiuno, visionekane tena hata kwa kumgeuzageuza; na juu ya hayo kijana alikuwa ametia mkanda ule rangi ya ngozi, akatia kivuli chini yake, sasa yumo katika kuweka nukta ya fedha juu ya bizimu. Nikamwuliza anamfanyia nani. “Mjomba,” akasema bila kuinua kichwa, “ngao haimvui mtu mkanda.”

Nimeyataamuli sana maneno yale. Sehemu kubwa ya umri wangu nimefanya kazi za ujira, na najua jinsi ujira unavyomfundisha mtu kuyatazama macho ya bwana wake kabla ya kuitazama kazi, hata ukuta uonwao na wageni ukapakwa mara mbili na ule wa uani mara moja. Sisemi kwamba ni dhambi, kwa kuwa mwenye watoto wa kulisha hana budi kuhesabu. Nasema kwamba mtu asipokuwa na pahali hata pamoja katika maisha yake anapofanya kazi kwa ajili ya haki ya kazi yenyewe, mwisho husahau kwamba haki hiyo ipo, na hata akirudi katika kazi ya ujira huwa hana tena kipimo cha kuipimia ila fedha na sifa. Ndiyo sababu sifurahishwi mno na mashindano ya upakaji, wala hata na yale ya Golden Demon yaliyoanza mwaka 1987, ambayo mshindi wa washindi hupewa upanga. Ustadi unaoonekana humo ni wa shani, lakini jaji naye ni bwana.

Zaidi ya kupaka rangi iko daraja ya pili ya kazi hii, ambayo mimi naipenda kuliko ya kwanza, nayo ni kukigeuza kisanamu kisiwe kama kilivyotoka kalibuni. Kiwanda hutoa maelfu kwa maelfu kwa sura moja. Mwenye kisu hukata kichwa cha huyu akakipachika kwa yule, hutwaa udongo wa epoksi wa sehemu mbili, buluu na njano, akaukanda hata ukawa kijani, na kabla haujagumu akaufinyanga ukawa joho, nywele au mkoba wa msafiri. Na chini ya miguu huweka gamba la mti likawa jabali. Mpwa wangu alikata upanga wa shujaa mmoja aliyeuinua juu ya kichwa chake, akamtia taa katika mkono ule ule, pasipo kubadili kiungo kingine chochote, na yule aliyekuwa akiua akawa anatafuta.

Katika watu wetu wa pwani wapo watakaoniuliza habari ya sanamu katika dini, na swali hilo ni la haki. Sina cheo cha kutoa fatwa, na wanazuoni wamekhitilafiana. Nitakumbusha tu ile riwaya iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, ya kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alirejea kutoka safari, upepo ukapeperusha pazia, vikaonekana vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha, na kati yake farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Naye Bibi alipoulizwa imekuwaje farasi kuwa na mbawa, akauliza kama haikusikiwa habari ya farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hukumu itokanayo na hadithi hiyo nawaachia wenye ilimu. Kinachonigusa mimi ni kwamba mbawa zile zilikuwa za matambara, kitu kisicho na thamani katika nyumba yoyote, na hadithi ya kale ndiyo iliyoyapa matambara kuruka.

Kazi hii ina maradhi yake. Vifaa ni ghali, na raha ya kununua ni ya dakika moja ilhali ile ya kupaka ni ya majuma; basi wapo, nao si wachache, wenye makabati yaliyojaa visanamu vya kijivu visivyopata kuguswa na brashi, na kila toleo jipya likitoka hununua tena. Hapo tamaa imekalia kiti cha mapenzi, na kampuni, kwa kuwa ni kampuni, haiwezi kutarajiwa iiondoe. Kwa hiyo mzazi atakayeombwa na mwanawe, naye ana uwezo, nampa shauri hili: amnunulie kisanamu kimoja, brashi mbili, na rangi tano, nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano na buluu, kwa kuwa nyingi katika zilizosalia atazipata kwa kuchanganya, asimnunulie cha pili hata cha kwanza kiishe, wala asimwulize kitauzwa kwa bei gani. Na kisu akishike mzazi mwenyewe mpaka mkono wa mtoto uzoee, maana ni kikali, na plastiki huteleza.